Mayai Kumi na Moja ya Madamu

Sisi tuliokua Bujumbura miaka ile ya vita tulijifunza kusikiliza kabla hatujajua kusoma vizuri. Tuliujua mlio wa lori linalopanda mlima, na tuliujua ule mwingine uliofanana nao lakini haukuwa lori. Tulijua ni siku gani mama atasema leo hakuna kucheza barabarani, kabla hata hajafungua mdomo. Hata hivyo, nikikutana leo na wenzangu wa rika langu, hatuanzi na milio hiyo. Tunaanza na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese mpaka wakakauka na kuvunjika mdomoni, na ule mpira wa majani ya mgomba uliofungwa kwa kamba, ambao ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe. Mtu anakumbuka harufu ya sabuni iliyokuja na upepo kutoka Zone Industrielle, kule viwandani, mwingine anamkumbuka mwalimu aliyetufundisha mafungu huku akikata viazi vya chakula chake cha mchana. Tunacheka, halafu mmoja anasema, "Na ule mwaka je?" na kila mtu anaujua mwaka wake.

Mwaka wangu mimi ni ule wa mayai ya nyoka. Najua wapo watakaotaka kuishia hapa. Vumilieni, nitaeleza polepole, na hakuna atakayeumwa.

Tulikaa mtaa wa Mutanga Sud, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ng'ambo ya ua wetu wa michongoma aliishi rafiki yangu Odette na baba yake, mwalimu wa biolojia, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, aliyekuja kufundisha Burundi kabla sisi hatujazaliwa. Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo yeye alikuwa Papa Odette na baba yangu alikuwa Papa Goreti. Mama yake Odette alikuwa amefariki zamani. Nyumbani mwao walibaki watatu: Papa Odette, Odette mwenyewe, na Madamu.

Madamu alikuwa nyoka. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mnene kama kidole gumba cha mwanaume, na alikuwa na mistari miwili myeupe iliyopita juu ya macho kama nyusi za mwanamke aliyejipamba. Ni wale nyoka wanaoishi kwenye nyumba za watu, wasio na sumu, wanaokula panya na kujificha mchana. Papa Odette alimkuta kwenye kabati la darasa, wanafunzi wakiwa tayari na fimbo. Akamchukua nyumbani na kumweka kwenye sanduku la mbao lenye kioo upande mmoja. Odette alimvaa mkononi kama bangili. Mimi ilinichukua miezi mitatu kumgusa, na nilipomgusa nilishangaa kwamba alikuwa mkavu. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba nyoka ana utelezi kama samaki.

Mwezi wa nne, mvua bado zikinyesha, Madamu alitaga. Papa Odette alikuwa amemwekea chungu kipana cha udongo, kilichojaa mchanga na maranda ya mbao yaliyoloweshwa kidogo, naye akataga humo mayai kumi na moja. Hayakuwa kama ya kuku. Yalikuwa marefu, meupe, na ganda lake lilikuwa laini kama ngozi ya ngoma isiyokazwa. Tisa yalilala huru juu ya mchanga. Mawili yalitoka yakiwa na unyevunyevu, yakakauka yakiwa yameng'ang'ania ukuta wa chungu.

Siku hiyohiyo Papa Odette alichukua penseli akachora msalaba mdogo juu ya kila yai. Alituketisha, Odette na mimi, akatueleza. Ndani ya yai la nyoka, alisema, mtoto hujishikiza upande wa juu, akigusana kabisa na ganda, na hapo ndipo anapopata hewa. Kiini kizito kinakaa chini yake. Ukiligeuza yai, kile kizito kinamwangukia, naye hana pa kukimbilia.

"Kwa hiyo msalaba uangalie dari," alisema. "Leo, kesho, mpaka watoke. Mumenisikia?"

Tulimsikia. Wiki haikuisha ikaamuliwa kwamba wao wanarudi Uvira. Sitaeleza ilivyoamuliwa, kwa sababu mtoto haambiwi, anaona tu magodoro yakifungwa. Madamu aliachiwa mlango wa sanduku wazi kwenye nyasi ndefu nyuma ya nyumba. Mayai hayakuweza kusafiri, maana lori lile lingeyatikisa mpaka yafe. Odette alipita kwenye tundu la michongoma akiwa amekishika chungu kwa mikono miwili, akitembea kama mtu aliyebeba mchuzi uliojaa hadi ukingoni.

"Mi narudi wakati wanatoka," aliniambia. "Papa anasema miezi mbili na nusu, ao tatu. We unichungie tu."

"Nitakuchungia."

"Yote."

"Yote, Odette."

Hiyo ndiyo ahadi niliyoibeba. Leo mtu mzima anaweza kucheka, lakini mimi niliiamini kwa namna ya kitoto: kwamba mayai yale yakianguliwa Odette atarudi, na yakifa, nitakuwa nimemfungia njia.

Papa yangu alifanya kazi kwenye ghala moja kule Zone Industrielle. Alileta sanduku la mbao, akafunga ndani yake balbu ndogo, tukaweka chungu humo kwenye pembe ya chumba cha nyuma. Mama alisema maneno yake mara moja tu: kitu hicho kisimkute sebuleni, na majirani wasikisikie. Halafu akaendelea na kazi zake. Nadhani alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuogopa.

Kulea mayai ya nyoka si kazi ya nguvu, ni kazi ya macho. Wiki ya pili yalianza kubonyea, kama mpira uliotoka upepo. Nililia nikidhani yameoza, kumbe yalikuwa na kiu. Odette alikuwa ameniambia maji yamwagwe pembeni ya mchanga, si juu ya yai, nami nikafanya hivyo kwa kijiko cha chai, na baada ya siku mbili yakajaa tena. Kisha wakaja siafu. Papa alikiweka chungu juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya beseni la maji, na siafu wakaishia ukingoni. Nilijiona daktari. Kila nikitoka shule, kabla sijavua sare, nilikwenda kuhakikisha misalaba kumi na moja inaangalia dari, na kila siku ilikuwa inaangalia dari.

Katika chumba kile cha nyuma alilala Bibi, mama yake Papa. Alikuwa amekuja mwezi wa pili kutoka Ruziba, kule kusini kando ya ziwa, alikokuwa akilima mihogo na kufuga kuku. Babu alibaki kule, kwenye udongo. Bibi alifika na kikapu kimoja na kitenge alichokuwa amevaa. Tangu afike alizungumza maneno ambayo ungeweza kuyahesabu. Alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta wa jikoni, mikono imelala mapajani, viganja vikiangalia juu, kama mtu aliyekuwa ameshika kitu kikachukuliwa.

Nilipoleta chungu aliniuliza swali lake la kwanza baada ya siku nyingi.

"Hiyo ni mayai ya nini?"

Papa alimwambia ukweli. Nilingoja atoke chumbani, au aseme chungu ndicho kitoke. Siku ya tatu, nikiwa nimepiga magoti mbele ya sanduku, alisema nyuma yangu:

"Mama yao iko wapi?"

"Ilikimbia, Bibi."

"Ikaacha mayai?"

"Ikaacha."

"Ata mi niliacha," alisema. "Kuku tatu, zilikuwa zimelalia."

Niliendelea kumwagia mchanga maji kwa kijiko changu. Na hapa ndipo penye kosa langu, nami nataka mlione vizuri, kwa sababu ni dogo sana. Bibi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Aliiona misalaba. Ningeweza kumwambia ile misalaba ni ya nini. Isingechukua muda wa kumaliza kijiko kimoja cha maji. Sikumwambia. Nilifikiri, huyu ni mzee wa shamba, hataelewa mambo ya biolojia.

Basi siku zikapita. Nilishangaa tu kwamba alama za penseli zilikuwa zikififia upesi. Nilidhani ni unyevu, nikachukua penseli yangu ya shule nikazikoleza.

Siku moja ya wiki ya sita walituruhusu shuleni mapema. Kulikuwa na milio kwenye milima juu ya mji, na walimu walitupanga mistari wakatuambia twende moja kwa moja nyumbani, tusisimame. Nilifika saa nne asubuhi, jasho likinitoka. Kama kawaida nilikwenda kwanza kwenye sanduku. Nikafungua.

Misalaba tisa haikuwepo. Nilitazama mayai tisa meupe, safi, bila alama. Mawili tu, yale yaliyoshikana na ukuta wa chungu, ndiyo yaliyokuwa na msalaba juu. Nikainama nikachungulia kwa pembeni, nikaona ncha ya alama ya penseli chini ya yai, imelala kwenye mchanga.

Bibi aliingia akijifuta mikono kwenye kitenge.

"Umerudi mapema," alisema. "Bado saa yake."

"Saa ya nini?"

"Ya kuyarudisha." Alikuja akachuchumaa kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu aje niliona uso wake umefunguka. "Asubuhi mukienda, nayageuza. Nikisikia kengele ya kanisa ya saa sita, nayarudisha, ili ukirudi uyakute sawa. Ile mbili imekataa, imeshika chungu. Munaweka alama, halafu munasahau kugeuza. Sikutaka kukusemea kwa papa yako."

Ninyi mliofuga kuku mmeshaelewa. Kuku anayelalia huyageuza mayai yake kila siku kwa mdomo na miguu, ili kifaranga asigande kwenye ganda. Mayai ya bata ukimwekea kuku, yanamshinda kuyageuza, basi mwenye kuku anamsaidia. Anachora alama ya mkaa upande mmoja wa kila yai, asubuhi alama chini, jioni alama juu, asisahau hata moja. Bibi alikuwa amefanya hivyo miaka hamsini kule Ruziba. Aliona misalaba yetu, akaelewa kama alivyojua kuelewa. Na nilipoikoleza kwa penseli, alidhani ninajikumbusha na bado nasahau. Kwa hiyo akaongeza bidii.

Mimi wakati ule sikuelewa hata moja ya hayo. Nilisimama nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu mzima:

"Bibi, umeyaua. Umeyaua yote."

Alinitazama. Halafu akayatazama mayai. Uso uliokuwa umefunguka ukajifunga polepole, kama mtu anayefunga dirisha asitake kelele. Akainuka kwa kushika ukuta, akatoka, akaenda kukaa kwenye kigoda chake, viganja juu.

Siku zile watu walirudi nyumbani mapema kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, na Papa aliingia kukiwa bado na jua kali. Nilimwendea getini nikamwambia yote, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alinisikiliza mpaka mwisho, begi lake likiwa bado begani.

"Ulimwelezea alama ni ya nini?"

"Apana, Papa."

"Juu ya nini?"

"Niliona hataelewa."

Alitoa begi begani akaliweka chini. Papa hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakupaza siku hiyo.

"Goreti. We ulijua, ukanyamaza. Yeye hakujua, akafanya kazi. Na sasa umemwita muuaji. Mama yangu, aliyetoka kule alikotoka." Akaonyesha kigoda kwa kidevu. "Nenda umwelezee. Si kumwomba samahani tu. Umwelezee vile yule mwalimu alikuelezea."

Nilikwenda. Nilikaa chini mbele ya kigoda, nikamweleza Bibi kila kitu, kuhusu mtoto anayejishikiza juu, na hewa, na kile kizito cha chini. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi. Hakunikatiza. Na alielewa kila neno, alielewa kuliko nilivyokuwa nimeelewa mimi, kwa sababu alikuwa amepasua mayai mengi yaliyokufa katika maisha yake na alijua ndani yake pakoje.

"Kumbe hii haitaki mukono," alisema.

"Haitaki, Bibi."

"Na mi nilikuwa namuzamisha, kila siku mara mbili."

Nilimwomba samahani. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha hapo muda mrefu.

Papa alileta tochi. Tulifunga dirisha, akamulika kila yai kwa pembeni bila kuliinua. Yai lililo hai, ukilimulika, linaonyesha mishipa myekundu myembamba kama mizizi. Yale mawili ya ukutani yalikuwa nayo. Katika yale tisa palikuwa na umanjano tu, na kivuli kisichotikisika.

Nilitaka tuyatupe, nisiyaone. Bibi alikataa. Alisema hata kuku humngojea yule aliyechelewa, tuyape siku zake. Tukayapa. Moja baada ya jingine yaliota ukungu wa kijivu, yakanywea, na kila lililonywea Bibi alilitoa kwa kijiko ukungu usifikie yale mawili, akalizika kando ya tuta la mboga za lengalenga. Alitumia jembe dogo, akasawazisha udongo kwa mkono. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kisha umeme ukakatika, na safari hii haukurudi kwa wiki nyingi. Ulikuwa umeingia msimu wa kiangazi, ambapo mchana mji ni wa joto lakini alfajiri baridi inashuka kutoka milimani. Kipimajoto hatukuwa nacho. Papa alichemsha maji akayatia kwenye chupa za limonadi, tukazizungusha chungu, na siku ya kwanza nusura tuyapike yale mawili kwa hofu ya kuyaacha yapoe. Mchanga wa pembeni ulikuwa moto kiasi cha kunifanya nitoe kidole haraka.

Bibi alikuwa akitutazama kutoka mlangoni. Alikuja akachukua chupa, akaifunga kwa kipande cha kitenge, akafumba jicho, akaiweka kwenye kope lake.

"Mukono inadanganya," alisema. "Mukono imezoea jembe na sufuria. Kope haijazoea kitu." Akanipa chupa. "Weka. Kope inaruka?"

"Inaruka."

"Basi bado ni moto. Ngojea. Weka tena." Tulingoja. "Sasa?"

"Inatulia. Kama nimelala kwa jua."

"Hapo. Hapo ndiyo uweke."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kila jioni kabla ya chakula na kila alfajiri kabla ya shule, mpaka umeme uliporudi, na hata baada ya hapo, maana Bibi hakuiamini tena balbu. Alinifundisha kwa subira, akirudia, akiniuliza nirudie. Alinieleza pia mengine: namna ya kumjua kuku atakayelalia kweli na yule anayejifanya, namna ya kusikiliza yai kwa sikio. Nilimsomea vitabu vyangu vya shule, naye alinikosoa palipohusu mimea. Mama alisema nyumba imepata redio ya pili.

Mwezi wa saba, asubuhi moja ya likizo, Bibi aliniita kwa jina, bila haraka. Kwenye yai moja la ukutani palikuwa na mpasuko, mwembamba kama uliokatwa kwa wembe, na katika mpasuko ilikuwa pua. Si zaidi ya ncha ya penseli. Ilitoa ulimi mara moja, ikaurudisha.

Nilinyoosha mkono. Nilitaka kupanua tu ule mpasuko, kidogo, apite.

"Wacha," alisema Bibi, akanishika kifundo cha mkono. "Leo ni zamu yangu kukukataza."

"Atachoka, Bibi."

"Acha achoke. Ukimutoa, anatoka bila nguvu. Bado anakunywa ya ndani."

Tulikaa naye siku nzima, na siku ya pili mpaka jua likawa juu. Akichungulia, akirudi ndani. Mimi nilihesabu pumzi zake, Bibi alichambua mchele. Halafu, wakati hakuna aliyekuwa akitazama vizuri, alikuwa nje, mwembamba kama kamba ya kiatu, na nyusi zake mbili nyeupe za Madamu. Yai la pili nalo lilipasuka jioni hiyo. Pua ikatokeza, ulimi ukatoka mara mbili, na kesho yake pua ilikuwa palepale, haitikisiki. Bibi alingoja siku moja zaidi. Kisha akachukua jembe lake dogo.

Kwa hiyo katika kumi na moja, alipona mmoja. Tulimweka kwenye sanduku mpaka akajivua ngozi yake ya kwanza, na siku chache baadaye alipata upenyo akahamia stoo ya chakula. Bibi aliagiza asitafutwe. Alisema panya wamezidi, na mtoto anaweza kuanza kazi. Kwa miaka kadhaa tuliokota ngozi zake nyuma ya magunia ya maharage, kila mwaka ndefu zaidi.

Nilimwandikia Odette. Nilitaka kuandika kwamba Bibi aliyageuza, kisha nikafuta, nikaandika: "Sikumwelezea mtu aliyekuwa karibu nami." Barua ilichukuliwa na mama mmoja aliyekuwa akienda Uvira kuuza vitenge. Kabla mwaka haujaisha vita vikawaka na upande ule, na watu wa Uvira nao wakakimbia, wengine wakapanda milima, wengine wakavuka ziwa. Sijui kama barua ilifika. Odette hajarudi. Nimewahi kuuliza, kila nilipokutana na mtu wa huko, na bado nauliza.

Bibi aliishi miaka mingine tisa. Alipata tena kuku, na kila nilipomletea kitu kipya, dawa, mche wa mti, hata mchumba wangu nilipomleta nyumbani, aliniuliza kwa uso mkavu, "Huyu ni wa kugeuza ao wa kuacha?" Alikuwa akinitania, na alikuwa pia akiuliza kweli. Nami nilimjibu kwa urefu. Wanangu wananilaumu kwamba naeleza jambo mara tatu. Ni kweli. Naeleza mara tatu.

Siku hizi mambo ni mepesi. Binti yangu anafuga kware, ana mashine ya plastiki iliyochomekwa ukutani, inapima joto yenyewe, inamwagia maji yenyewe, na kila baada ya saa kadhaa inayageuza mayai kwa mlio mdogo kama wa mtu anayesafisha koo. Akitaka kujua jambo anauliza simu, na simu inamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Vijana wa leo hawana haja ya kope. Siwaonei wivu wala siwacheki sana. Nasikitika tu kidogo kwamba mtu anaweza kujua kila kitu namna hiyo bila kuwahi kukaa chini mbele ya kigoda cha mtu na kuchora kwenye vumbi.

Wiki iliyopita alikuwa akitafuta betri kwenye droo yangu akakuta kisanduku cha kiberiti. Ndani, juu ya pamba, kuna ganda la yule mmoja. Limekauka, limekuwa kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Msalaba wa penseli bado unaonekana.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza, na tayari vidole vyake vilikuwa vimelishika pembeni, alitaka kuligeuza aone chini.

Nilimshika kifundo, taratibu, kama nilivyoshikwa mimi.

"Wacha likae hivyo," nilimwambia. "Lina mwenyewe. Akija, alikute linaangalia juu."

Kisha nikamvutia kiti, nikamweleza yote, tangu mwanzo.